Nimeambiwa Nikaape Mahakamani Kwamba Aliyenilea Si Baba Yangu

Admin, naomba unifichie jina, maana nusu ya mtaa wetu wa Kizwite wanafuata huu ukurasa na habari hapa mjini haina breki. Mimi ni binti wa miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha sita na nimepata chuo kusomea ualimu wa hesabu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiropoka mnivumilie.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo walinikalisha kwenye mkeka na mdogo wangu wa kike, yeye akiwa bado ananyonya. Wakamwita mdogo wake marehemu wakasema, kuanzia leo huyu ndiye baba yenu, na asisikike mtu anamwita baba mdogo. Kwetu ndivyo ilivyo. Kumwita mtoto yatima wakati ndugu wa baba yake anapumua ni kumtukana huyo ndugu. Basi akatuchukua, tukaishi kwake, na kila mahali pa kuandika jina la baba likaandikwa lake, shuleni na hata kwenye cheti cha kuzaliwa. Sikuona ubaya wowote, nilimpenda.

Ulipofika wakati wa kuomba mkopo wa chuo alinisindikiza mwenyewe steshenari, kavaa koti lake la kanisani. Dada wa kompyuta akauliza, "Baba yuko hai?" Kabla sijafungua mdomo baba akamjibu, "Si huyu hapa mbele yako?" Kazi yake? "Mfanyabiashara. Nina mashine ya kusaga." Akalitamka hilo kwa sauti ili na waliokuwa kwenye foleni wasikie. Ningembishia vipi pale mbele ya watu?

Majibu yakatoka, sikupangiwa hata senti. Wenzangu ambao wazazi wao wote wapo wamepata, mimi mtoto wa marehemu nimekosa kwa sababu nina baba tajiri. Nikamfuata mashineni nikamwambia, baba, basi nilipie wewe. Akaniambia biashara mbaya, umeme unakatika kila siku, nisubiri mwakani. Sasa nisikilizeni vizuri. Mtoto wake wa kumzaa yuko chuo cha binafsi Mbeya, na ada yake haijawahi kukatika na umeme. 

Nikaenda kwa afisa mmoja anayesaidia wanafunzi kukata rufaa. Mzee wa watu alinisikiliza hadi mwisho, akasema kesi yangu inarekebishika, maana yatima hupewa kipaumbele. Nipeleke cheti cha kifo cha baba mzazi pamoja na hati ya kiapo ya mahakamani inayosema kwamba yule aliyeandikwa ni mlezi. Aape yeye mwenyewe, au kama hataki, niape mimi na mama awe shahidi. Nilitoka pale nacheka peke yangu barabarani.

Jioni nikamweleza baba. Aliweka kijiko chini. "Nimekulisha, nimekuvika, leo unataka nikasimame mbele ya hakimu niseme wewe si wangu?" Nikamwambia ni karatasi tu, baba. Akasema, "Karatasi ndiyo inayobaki. Watu watasema nimekula mali ya marehemu halafu nimewatupa watoto wake." Nikamwuliza, kama mimi ni wako mbona hunisomeshi kama yule wa Mbeya? Hapo mke wake akaniambia nina mdomo mchafu, niondoke mezani.

Nikashuka bondeni, kijiji cha Kaoze, kwa mama yangu aliyerudi kwao baada ya msiba, nikamkuta shambani kwenye mpunga. Nilijua yeye atanielewa, ndiye aliyemzika mume. Mama alifuta jasho akasema, "Mwanangu, chuo ni miaka mitatu. Ukoo utaishi nao mpaka uzikwe." Nikamwuliza, kwa hiyo hutasimama shahidi? Akasema atasimama nikimlazimisha, ila nifikirie kwanza. Mama ananiachia mimi mzigo ambao wazee waliufunga nikiwa na miaka minane.

Niliporudi mjini nilimkuta baba mashineni na wateja. Aliponiona tu akawaambia, "Huyu ndiye mwanangu anayekwenda chuo kikuu." Wamama wakanipongeza, mmoja akanikumbatia akaniachia unga kwenye nguo. Wateja walipotoka akaniita pembeni, akaongea taratibu kabisa. "Ukienda kuapa, ukitoka huko pita nyumbani umchukue na mdogo wako. Kama mimi si baba yako, basi si baba yake pia."

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, ana akili kuliko mimi. Kule kwa mama sekondari iko mbali na chakula ni cha kubahatisha. Na huyo mtoto hamkumbuki baba mzazi hata sura. Juzi aliniona natafuta cheti cha kifo kwenye sanduku akaniuliza, "Dada, ukiapa, na mimi nitakuwa yatima?" Nikamtuma maji.

Nimechoka kuambiwa nishukuru. Nashukuru ugali, nashukuru sare za shule, lakini anataka kuitwa baba mbele ya wateja, na ikifika kwenye ada nigeuke mtoto wa marehemu. Achague moja. Na wale wazee waliotukalisha kwenye mkeka, nimewapigia wote, hakuna hata mmoja anayetaka kuja kuongea naye.

Rufaa zinafungwa Ijumaa. Mama amepanda kutoka bondeni jana usiku na kanga yake nzuri kwenye mfuko, anasema nikiamua twende tutakwenda. Mdogo wangu naye ameanza kukunja nguo zake bila kuambiwa na mtu. Ninyi mliolelewa na ndugu, na ninyi mnaolea watoto wa ndugu, niambieni bila kunionea haya: Ijumaa niende mahakamani, au nikae?