Laptop ilikuwa inajizima kila nikiandika project, nikapima joto yake na Linux

Wakuu, niaje.

Ilianza Jumamosi, saa tisa mchana, kwetu Mashimoni. Mimi huwa nasoma tu hapa bila ku-comment, naona haya hata kwa keyboard. Lakini hii nitaisema vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi.

Niko Form Four. Project yangu ya Computer Studies iko kwa laptop nzee nilipewa na cuzo wangu Akoth, mwenye cyber Kawangware. Aliiwekea Linux badala ya Windows. Shida ni kwamba nikiandika kidogo tu, inajizima. Puu!

Nikampigia.

"Form Four, umeichoma. Sema tu ukweli."

"Sijaichoma, Akoth."

"Basi kesho niletee. Nitaifungua nitoe spea."

Kesho! Na project haijaisha.

Nikawasha hotspot ya simu ya Mama, nikaandika sudo apt install lm-sensors, programu ya kusoma joto ya mashine. Ikimaliza, nikaandika watch sensors.

Wakuu, sikujua computer inaweza kukuambia vile inajisikia. Namba ya joto inabadilika ukiiangalia, kama thermometer ya kliniki. Kando yake iko crit 100. Ikifika hapo inajizima ijiokoe.

Yangu ilikuwa 91, na hakuna kazi naifanyisha.

Nikafunga browser. 89. Nikafungua dirisha. 89. Nikaipepea na kifuniko cha sufuria (msicheke). 88.

Hapo Mama akaingia. Wamama wa jumuiya ya kanisa walikuwa wanakuja kwetu Jumapili, kwa hivyo alikuwa anakusanya vitambaa aoshe: vya viti, cha TV, na cha laptop. Hicho cha laptop alikishona na crochet wiki ile ililetwa, kinene, kina maua pembeni. Kwetu kitu ya maana haikai mezani uchi.

Akainua laptop, akavuta kitambaa, akatoka.

80. 71. 63.

Nikabaki nimekodoa macho. Nikakunja sweta yangu ya shule, nikaiweka chini ya laptop. 74. 82. Nikaitoa, ikashuka. Nikarudia tena, na sio eti nilikuwa na shaka. Ilikuwa tamu tu kujua.

Matundu ya hewa yako chini, wakuu. Tulikuwa tumeyaziba kwa heshima.

Sasa kumwambia Mama.

"Mama, ni kitambaa."

"Kitambaa changu kimefanya nini?"

Nikarudisha sweta, nikamgeuzia screen. Akaangalia namba ikipanda, akagusa chini ya laptop, akatoa mkono haraka.

"Woi! Kumbe nilikuwa naivalisha sweta kwa jua." Akacheka. "Lakini wageni wakiikuta uchi?"



Nilichojifunza: kabla useme mashine imekufa, iulize kwanza inajisikiaje. Wenye laptop nzee, nyinyi mnaziweka juu ya nini? Na yenu husoma ngapi? Nataka sana kujua.

Jumapili asubuhi, kabla ya wageni, niliweka vifuniko vinne vya soda chini ya laptop, kila pembe kimoja. Kitambaa kilikuwa kimekauka. Nikakitandika mbele yake, maua yakiangalia mlango. Mama akapita, akakinyoosha pembe moja.

Nikafungua project. 56.

Nikapiga picha ya namba, nikamtumia Akoth: "Laptop haiji."