Kishikio cha Upande wa Kulia

Sitaki kutafutiwa visingizio. Jamaa zangu wakikumbuka habari ya baba na ile kazi ya Andilana husema, "Ah, mzee alikuwa mkaidi mno." Mkaidi alikuwa kweli, hata Mungu shahidi. Lakini ukaidi ule ulikuwa na dawa yake, na dawa niliijua mimi peke yangu, nikainyamazia siku sita.

Tulikuwa tumeikimbia Mahajanga, pwani ya Madagaska, baada ya zile ghasia ambamo watu wa asili ya Komoro, watu wetu, waliuawa majumbani mwao. Baba alikuwa na mashua yake mwenyewe Boanamary, pale mto Betsiboka unapomwagika baharini. Aliiacha imefungwa, hatukujua tena ilichukuliwa na nani. Kule kisiwani Nosy Be tulipokewa kijijini Ambanoro na shangazi yangu, dada yake baba, akatupa chumba cha uani. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Basi baba, aliyewahi kuwa na mabaharia wanne chini yake, akawa anavua katika ngalawa ya mtu mwingine na kuamrishwa na vijana. Nyumbani tulisema Kikomoro, njiani Kimalagasi. Kiswahili hiki nimekipata Zanzibar nilikooa baadaye, kwa hiyo maneno ya baba nayaandika jinsi ninavyoyasikia leo.

Mimi niliajiriwa Andilana, ufukwe wa kisiwa hicho hicho, na Mfaransa mwenye hoteli, tuliyemwita patroni, aliyekuwa akiwatoa wageni baharini wakavue kwa kujifurahisha. Nilikuwa naosha fimbo za kuvulia, nazipaka mafuta, nabeba sanduku la barafu. Ndani ya sanduku mlikuwa na bia, na baba alijua. Ijumaa moja watu wanatoka msikitini, mtu akamwuliza hali yangu, nami nimesimama pale pale. Akajibu kwa sauti, "Huyu? Huyu mchukuzi wa pombe." Watu wakaangua kicheko. Lo, nilifura! Na mchele wanaokula nyumbani anauleta nani? Nilitaka kumtolea uvivu mbele ya wote. Nikameza, na kile nilichokimeza hakikushuka.

Mwezi uliofuata patroni akatafuta mtu mzima wa kuongoza mashua ya wageni, anayejua miamba na samaki wake. Nikamtaja baba. Kwa nini nilimtaja, na nilikuwa na kinyongo? Kwa sababu alikuwa baba yangu, na kila jioni nilimwona akirudi na samaki wawili watatu wa mgawo, haangalii mtu usoni. Kazi ile ingemrudisha kushika usukani. Alitamani hata kama hakusema. Alianza kunyoa ndevu vizuri.

Patroni akakubali, kwa sharti moja. Wageni wanataka kufundishwa kutupa fimbo, kwa hiyo mzee aje baada ya siku sita aoneshe kwamba anaiweza. Akanipa fimbo mbili nimpelekee achague moja. Patroni alikuwa ameishi miaka mingi huko juu milimani, akivua blakbas, samaki wa maji baridi ambaye Wafaransa walimleta kwenye maziwa ya kule, na zana zake zote zilikuwa za samaki huyo. Kila fimbo ilikuwa na muline, yaani kile kigurudumu cha kuviringia uzi, lakini muline zenyewe hazikufanana.

Ya kwanza ilining'inia chini ya fimbo. Unafungua kiwaya, unatupa, uzi unachomoka wenyewe. Rahisi mno, hata mgeni wa jana anaweza. Ya pili ilikaa juu ya fimbo, na bobini yake, kile kibiringi kinachobeba uzi, ilizunguka uzi ukienda. Hiyo lazima uibane kwa kidole gumba, uilegeze kidogo kidogo chambo kikiwa hewani, la sivyo bobini inaupita uzi mbio na uzi wote unajisokota pale pale. Patroni mwenyewe ilimsumbua mwaka mzima.

Baba alizipakata zote mbili barazani kwa shangazi. Akaizungusha ya kwanza. Kishikio cha kuzungushia kilikuwa upande wa kushoto. Akaiweka chini.

"Hii hapana."

"Kwa nini, baba? Ndiyo nyepesi."

"Riziki niivute kwa mkono wa kushoto? Mkono wa chooni?"

"Lakini mshipi wako wa kuvulia si unauvuta kwa mikono yote miwili?"

"Ala! Miaka yote hii hukunitazama? Wa kulia unavuta. Wa kushoto unashika tu, usiteleze."

Ni kweli. Alikuwa na namna yake, polepole kuliko wenzake, na wavuvi wa Ambanoro walikuwa wakimtania kwa hilo. Kuvuta, kumpandisha samaki, kumtoa ndoana, yote kwa mkono wa kulia na bismillahi. Hakuona kama ni jambo la kujadiliwa. Akaichukua ile ya juu, ambayo kishikio chake kilikuwa kulia, akasema hii ndiyo ya mtu mwenye adabu.

Sasa nisikilizeni. Majuma mawili kabla ya hapo, mgeni mmoja mwanamke alilalamika mashuani kwamba kuzungusha kwa kushoto kunamshinda. Patroni akaichukua muline ya aina ile ile nyepesi, akafungua skrubu, akachomoa kishikio, akakichomeka upande wa kulia, akaikaza. Hata sigara yake hakuitoa mdomoni. Niliona kwa macho yangu. Ningeinyanyua ile fimbo pale barazani na kufanya vivyo hivyo, baba angecheka, angesema, "Kumbe!" na kazi ingekuwa yake.

Nikakumbuka "mchukuzi wa pombe". Nikasema, "Haya baba, wewe ndiye unayejua."

Siku sita alijifunza ufukweni. Nilimwona akitupa, uzi ukijisokota, akikaa kwenye mchanga kuufumua fundo kwa fundo, akiinuka tena. Kilichomwangusha ni kidole chake. Mshipi ulikuwa umekata na kukomaza gumba lake la kulia miaka arobaini, ngozi imekuwa ngumu kama kwato, na muline ile inataka gumba lenye kuhisi. Lile halikuhisi kitu. Kila jioni nilijiambia, kesho nitamwambia. Kila asubuhi aliamka na lile jicho lake la kunidharau, nami nikaona acha ajionee.

Siku yenyewe tulitoka asubuhi, patroni, wageni watatu, baba na mimi. Baba alitupeleka kwenye mwamba ambao hata patroni hakuujua. Akasimama omoni, mbele kabisa ya mashua, kanzu ameikunja kiunoni, akatupa. Chambo kikaruka hatua chache kikarudi kwa kishindo, na uzi ukavimba juu ya bobini. Akaukata, akafunga upya, akatupa tena. Yakawa yale yale. Mara ya tatu chambo kilianguka ubavuni mwa mashua. Mgeni mmoja akacheka, mwingine akatoa kamera.

Baba akailaza fimbo taratibu. Akatoa mshipi wake mfukoni, akatia chambo, akashusha. Hazikupita dakika nyingi akapandisha chewa mkubwa, wa kumkumbatia, kwa mkono wa kulia. Akamweka miguuni mwa patroni, akamtazama.

"Mzee ni mvuvi kweli," patroni akaniambia kwa Kifaransa, "lakini hawa wamelipia kutupa fimbo. Hebu tupa wewe."

Nikachukua ile nyepesi. Nikatupa mara moja, ikaenda mbali, safi, wageni wakapiga makofi. Kazi nikapewa mimi, pale pale, mbele yake. Na nilifurahi. Haki ya Mungu, kwa muda wa kurudi ufukweni nilifurahi.

Baba alinipa mkono, akasema hongera. Kabla ya Ramadhani akarudi Mahajanga, kwenye mji uliomfukuza, akawa anashona nyavu za watu. Mimi niliiongoza mashua ile miaka tisa.

Alipougua nilikwenda kumuuguza. Alasiri moja alikuwa amelala kwenye mkeka, amebaki mifupa, akaniuliza ghafla.

"Ile muline nyingine, ya kushoto. Hakukuwa na namna ya kukihamisha kile kishikio?"

Ningeweza kumwambia. Nafasi ile niliyoitupa siku sita ilikuwa imenirudia, na sikuwa hata na hasira tena ya kujifichia.

"Haikuwezekana, baba. Ziliundwa hivyo."

Akashusha pumzi, uso ukamlegea. "Alhamdulillahi. Miaka yote nilikuwa nawaza labda nilikosa kazi kwa ujinga wangu." Akanishika mkono. "Siku ile wote walinicheka, mwanangu, isipokuwa wewe. Mola akulipe kwa ulichonitendea."

Akainua viganja akaomba dua ndefu, jina langu ndani yake, nami nikaitikia amina.