Mtambuu wa Woolwich

Mwaka wa pili wa ujane wangu, mmea nisioupanda uliota nyuma ya nyumba yangu Woolwich, London. Ulianzia chini ya uzio, ukaparamia kamba ya kuanikia nguo, na kabla mwezi haujaisha kamba ilikuwa haionekani. Majani yake yalikuwa ya kijani kibichi, yenye umbo la moyo. Niliyatazama dirishani, nikajisemea kuwa huu ni mtambuu.

Sikumwuliza mtu. Mimi ni mbishi, na kwa vile kwetu Unguja tulikuwa na mtambuu uliotambaa kwenye ukuta wa kisima, nikaona hakuna wa kunifundisha. Nikausimikia vijiti, nikawa naumwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kwangu, kufua mashuka ya hospitali. Nilizungumza nao pia. Wiki nyingine hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote ya Kiswahili.

Nilipoona majani yametosha, nikampigia simu dada mmoja wa mtaa wetu wa zamani, anayekaa karibu na Edgware Road. Sote wawili tulihama baada ya mapinduzi, lakini London ilitutawanya, na mara ya mwisho kuonana ilikuwa kwenye matanga ya mume wangu. Nikamwambia aje Jumamosi atafune tambuu mbichi. Kwetu, mgeni asipowekewa uraibu wa kutafuna huondoka akidhani mna ugomvi, na huyu dada kwa tambuu alikuwa hajambo. Akauliza apande basi gani.

Alhamisi yake mmea ukachanua maua meupe, makubwa kama vikombe vya chai. Mtambuu wetu haukuwahi kutoa maua ya namna hiyo. Jioni ile mzee wa Kiingereza wa nyumba ya pili akaja kwenye uzio, akanieleza kwa adabu kuwa hilo ni gugu, mizizi imepita chini kwa chini hadi kwake na maharage yake yamenyongwa, tafadhali niling'oe lote. Miaka sita ya ujirani, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza. Nikamwomba anivumilie mpaka Jumapili. Hakuelewa kwa nini, nami niliona haya kumweleza.

Simu ilikuwa pale pale ukumbini, na sikuigusa. Niliogopa. Kama hakuna tambuu, mtu atapanda mabasi mawili kuja kufanya nini kwa mjane?

Jumamosi akaja, na kijaluba chake cha tambuu mkobani, popoo na chokaa tayari. Nikampa shikamoo, nikamkalisha, nikaleta sinia la majani niliyoyaosha moja moja. Akachukua jani, akaligeuza, akalinusa, akalirudisha taratibu kwenye sinia.

"Dada, nisamehe," nikasema. "Nimejua juzi kuwa si tambuu."

"Mimi nimejua tangu kwenye simu. Tambuu itaota wapi na baridi hii?"

"Sasa mbona umekuja?"

Akafunga kijaluba, akakiweka mezani, akavua koti.

"Mwaka wa nne huu sijaalikwa nyumbani kwa mtu, mdogo wangu. Hata ungeniambia umeotesha mnazi, ningekuja."