Zamu Mbili, Kitanda Kimoja

Ukitaka kumwudhi Sista, mwambie kwamba alipanda boti kwa sababu ya mapenzi. Atakutazama juu ya miwani, vile alivyowatazama wauguzi wapya wodini kwa miaka thelathini na minane, kisha atakujibu kwamba alipanda kwa sababu mumewe angekwenda peke yake. Hilo ni kweli, ila si lote, na hiyo nusu anayoificha ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Wateja walimwita Barafu, na jina likamnata hata shuleni wanawe wakajulikana kama watoto wa Barafu. Kwa miaka kumi na mmoja aliunda boti ya tanga uani kwake, katikati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Urefu wake mita nane. Ndani alitia kitanda kimoja, jiko la moto mmoja, na meza ya kukunja isiyozidi upana wa sinia. Majirani walimtania mpaka wakachoka. Wa upande wa kulia, kila mvua ikinyesha, alichungulia ukutani na kuuliza kama chombo kimeshaanza kuelea. Barafu hakumjibu hata siku moja. Alikuwa na kichwa kigumu na mikono yenye subira, mchanganyiko ambao Sista alisema unamfaa fundi na unamchosha mke.

Mwaka wa kumi mambo yakaanza. Sista alikuta bisibisi ndani ya kopo la sukari, akacheka. Kisha Barafu akapeleka jokofu la mteja nyumbani kwa mteja mwingine, akalichomeka, akaliwasha, akanywa chai aliyokaribishwa na kwenda zake. Halafu siku moja Sista alimkuta amesimama nje ya karakana yake mwenyewe, funguo mkononi, akimsubiri fundi aje amfungulie.

Hapo hakucheka. Maradhi hayo aliyafahamu vizuri. Alikwisha kuwaketisha wake za watu na watoto wa watu kwenye benchi refu la korido, akawaeleza bila kuzunguka kwamba baba ataanza kuwasahau. Kwa wageni hakuwa na simile. Kwa mumewe ulimi ukawa mzito. Alijiambia atamwambia kesho, kisha akasema boti ikimalizika, na boti ilipomalizika akasema ngoja kwanza wasafiri. Aliogopa kwamba akilitamka neno lile safari itakufa, naye ndiye atakayekuwa ameiua.

Mtoto wao mkubwa alikuja juu.

"Mama, siku thelathini baharini, nyinyi mnatafuta nini huko?"

"Muulize baba yako."

"Nakuuliza wewe."

Sista akaendelea kupanga vitunguu kwenye wavu. Moyoni alikwisha kuwekeana ahadi na nafsi yake: kabla ya kuiona nchi kavu ya upande wa pili atamwambia mumewe ukweli, na atamvua unahodha. La kwanza lilimtia hofu. La pili lilimnyima usingizi, kwa sababu mwanamume yule alikuwa ameacha kuwa fundi, na kilichombakia ni kuwa nahodha tu.

Hakwenda kama mzigo, lakini. Kwa miaka miwili, kila Jumapili, Barafu alimfundisha kwenye ghuba kwa boti ya kuazima, na alikuwa mwalimu asiye na huruma. Hakumshikia hata kamba moja. Sista akikosea, yeye alikunja mikono na kusema, "Mimi sipo hapa. Unafanyaje?" Siku moja Sista alilia kwa hasira, tanga likimpiga makofi ya kichwa, na bado bwana huyo alikaa vilevile akitazama ndege.

Baharini waligawana zamu za saa nne nne. Mmoja akishika usukani, mwingine analala, kisha wanapishana kwenye ngazi ndogo ya mlango na kitanda kinabadilisha mtu kabla hakijapoa. Wala halikuwa jambo geni kwao. Ndoa yao yote ilikuwa ya zamu. Sista alirudi kutoka wodini asubuhi wakati Barafu anabeba sanduku la vifaa. Waliulizana habari mlangoni, mmoja anavua viatu na mwingine anavaa. Watoto watatu walilelewa hivyo, na watu wakashangaa walipatikana saa ngapi.

Kitu kimoja Sista alikileta kutoka kazini na hakukubali mjadala: kukabidhiana. Wodini hakuna kuondoka kwa kupungiana mkono. Anayetoka anasimama, anasema hali ikoje, kimefanyika nini, kimebaki nini, na cha kuchungwa ni kipi. Anayeingia anayarudia, kisha anasema, "Nimepokea." Mpaka alitamke neno hilo, anayetoka yumo zamuni bado, hata kama miguu inamwuma.

"Mgonjwa wako ni boti sasa?" Barafu alimtania siku ya kwanza.

"Ndiyo. Na wewe simama wima ukinikabidhi."

Akasimama. Alikabidhi kwa sauti ya kijeshi iliyomvunja Sista mbavu: upepo wa kusini, mwelekeo magharibi, kabichi imebaki nusu, nahodha ana njaa.

Wiki ya kwanza upepo uliwabeba vizuri. Baada ya hapo ukaanza kubahatisha, unakuja kwa saa mbili na kupotea kwa sita. Tanga lilining'inia. Boti ilikwenda mwendo wa mtu anayetafuta sindano sakafuni. Siku moja walitupa majani ya chai asubuhi, na saa sita mchana yalikuwa bado yanaonekana. Sista, aliyezoea siku zenye kengele, vilio na magurudumu ya machela, mwanzoni alidhani ataugua kwa utulivu ule. Akafua vitambaa ambavyo havikuwa vichafu. Akahesabu vitunguu. Kisha polepole akaacha kupambana nao. Aligundua kwamba hajawahi kumtazama mumewe akila mpaka akamaliza. Anatafuna upande mmoja. Miaka arobaini na mmoja, na hilo hakulijua.

Na alikuwa anamchunguza, tusifichane. Kila Barafu aliposahau jambo, Sista alitia nukta ndogo ya penseli ukingoni mwa daftari la safari. Barafu aliuliza kama wamekula wakati sahani bado hazijaoshwa: nukta. Alimwita mkewe kwa jina la dada yake mwenyewe: nukta. Hakuwa na ubaya. Ndivyo mkono wake ulivyofundishwa, kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Lakini kila alipoliinua daftari alijiona kama mtu anayepekua mifuko ya aliyelala.

Siku ya kumi na tisa alilala saa kumi na moja alfajiri, akimwachia mumewe bahari iliyolala kama mafuta na upepo mwembamba wa kusini. Alipozinduka jua lilikuwa linampiga usoni. Alilala kidogo macho wazi, akijiuliza kuna kosa gani. Tangu watoke, asubuhi jua liliingilia mlangoni, nyuma, likaangukia miguu yake. Leo liliingia kwa kidirisha cha mbele. Na mwili wake wote ulikuwa umebingirikia ubavu wa pili wa kitanda.

Alipanda ngazi bila viatu. Barafu alikuwa ameketi kwenye usukani, amenyoa ndevu, amechangamka.

"Umeamka mapema, Sista. Dakika ishirini bado."

"Nikabidhi."

Alisimama wima kama kawaida yake. "Upepo wa kusini, mwepesi. Mwelekeo mashariki, boti inakwenda vizuri, tangu saa kumi na mbili. Chai ipo kwenye chupa. Cha kuchunga hakuna. Tunarudi nyumbani salama."

Daftari lilikuwa wazi pembeni. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, namba zimekaa kwenye mistari yake, kila saa imeandikwa. Karibu saa tatu alikuwa akiirudisha boti walikotoka, kwa ustadi, bila kosa hata moja dogo.

Wazo la kwanza la Sista lilikuwa rahisi mno: aseme amepokea, amwache alale, ageuze boti kimyakimya, atie nukta yake. Hakuna ambaye angejua. Wodini alikwisha kuona familia zinazoishi hivyo, zinazofunika kila kitu mpaka mgonjwa anabaki peke yake ndani ya uongo wa watu wanaompenda. Aliwakemea watu hao. Sasa alikuwa mmoja wao.

"Baba," alisema, "tulifika lini?"

"Tulifika wapi?"

"Huko tulikokwenda. Kama tunarudi nyumbani, tulifika lini? Tulishuka? Tulikula nini?"

Barafu alifungua mdomo ajibu. Sista alimwona akitafuta, kama mtu anayepapasa mifukoni akiwa na uhakika kwamba kitu alikiweka. Kisha uso ukamkunjika.

"Unanitega. Unanifanyia mtihani."

"Sikutegi."

"Miaka yote hii mimi nahangaika na chombo hiki, leo unaniuliza nilikula nini!"

"Tazama jua, mume wangu."

Hakutaka kulitazama. Alitazama tanga, akatazama dira, akatazama mikono yake. Mwishowe akaliinulia macho, pale lilipokuwa, mbele ya boti, mahali ambapo asubuhi halikupaswa kuwa. Akakaa chini. Boti, isiyojua lolote, iliendelea kuwapeleka mashariki.

"Nukta arobaini na tatu," alisema Barafu.

Sista akashindwa hata kujifanya hajui.

"Ulidhani fundi ataona alama kwenye daftari asiulize za nini? Nilizihesabu. Nikaona haya kukuuliza, kwa sababu jibu ninalo. Nilikwenda kwa daktari mwaka juzi. Si hospitali yako. Nilipanda basi mpaka mji wa pili ili wasikwambie."

"Mwaka juzi?"

"Kabla ya zile Jumapili."

Sista alilifikiria hilo, na mwalimu yule aliyekunja mikono akabadilika mbele ya macho yake. Ghadhabu ikampanda. "Kwa hiyo ulinileta katikati ya bahari ukijua?"

"Na wewe ulikuja ukijua."

Sista alianza kucheka, cheko bovu lililogeuka kilio, na Barafu akacheka naye, wazee wawili waliofichana habari ile ile chini ya paa moja, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kumwacha aumie peke yake. Nadhani ni watu waliozoea kuonana mlangoni tu ndio wanaoweza kukosea hivyo. Sista alilia kwa ajili ya miezi ile yote ambayo wangeweza kuogopa pamoja.

Barafu akafuta uso kwa mkono wa shati, akasimama. Safari hii hakuigiza ujeshi.

"Nakukabidhi," alisema. "Mgonjwa mmoja, mwanamume, miaka sitini na minane. Mwili mzima, anakula vizuri. Asubuhi anasahau zaidi kuliko jioni. Jina lake analijua, la mkewe analijua kwa leo. Kilichofanyika: ameunda boti na amemfundisha mtu wa kuiendesha. Kilichobaki sikijui, nimesahau." Akatabasamu kidogo. "Cha kuchunga: atabisha. Atasema yeye ndiye nahodha. Usimpe usukani hata akilia."

Sista alitikisa kichwa. "Sipokei."

"Sista."

"Sipokei. Simama hapo hapo."

Kwa desturi yao hakuweza kuondoka, akasimama. Boti ilipanda wimbi dogo na kushuka. Barafu hakushika kitu.

"Nimechoka, mke wangu," alisema Barafu. "Muda mrefu sana nimekuwa zamuni na huyu mtu peke yangu. Pokea."

Sista alirudia yote, neno kwa neno, kama inavyotakiwa. Mgonjwa mmoja, mwanamume, miaka sitini na minane. Sauti ilimkatika penye jina la mkewe, akaanza tena hapo. Kisha akasema, "Nimepokea," na Barafu akashuka ngazi, akalala kitandani palipokuwa bado na joto la mkewe, akakoroma kabla boti haijamaliza kugeuka.

Saa zile walizopoteza ziliwagharimu siku nzima, kwa upepo ule. Zikabaki siku nyingine kumi na tatu. Barafu hakuzidi kuugua ghafla wala hakupona; alipika, alisukuma pampu, alishona tanga lilipochanika, na Sista alipolala usukani ulifungwa kwa kamba. Asubuhi tatu alidai usukani wake kwa ukali, na mara moja alimwita Sista mwizi. Kila mara Sista alimweleza upya, kuanzia mwanzo. Hakuzoea. Lakini hakukuwa tena na nukta ukingoni, kwa kuwa jioni waliandika pamoja, kwa maneno kamili, yaliyopotea siku hiyo, na Barafu ndiye aliyesahihisha tahajia.

Siku ya thelathini na mbili, baada ya chakula cha mchana, Sista aliona mstari wa kijivu mbele. Akaisugua miwani, akatazama tena. Ilikuwa nchi kavu. Upepo ulikuwa umetulia vizuri ubavuni, na kwa hesabu yake wangetia nanga kabla ya giza. Huko kulikuwa na simu, na mtoto wao mkubwa akisubiri kupigiwa, na madaktari, na vitanda viwili.

Alikaa na mkono kwenye usukani. Tangu walipotoka alikuwa akiuomba mstari ule. Sasa akanyoosha mkono, akailegeza kamba, na tanga likapoteza upepo wake nusu.

Barafu alitoa kichwa mlangoni, kijiko mkononi. Aliitazama nchi, akalitazama tanga.

"Mbona umelegeza? Si tungefika leo?"

"Nataka tufike kesho."

Alifikiri kidogo, akatafuna upande wake ule mmoja, akameza.

"Haya," alisema. "Nahodha ni wewe."