Nyanya Aliyewatoa Wazazi Nje

Wiki jana nilikuwa nikifungwa bendeji chumbani kwa daktari katika kliniki moja mjini Kisii, msichana wa chuo akaletwa akitetemeka na kutokwa jasho. Alikuwa ametoka disko la mchana. Kabla ya kumtibu, daktari alitaka kujua jambo moja tu: amemeza nini?

Baba alitazama dari. Mama alifungua leso, akaifunga tena. "Daktari, huyu anaimba kwaya," akasema. Msichana akageukia ukuta.

Nyanya ya msichana, waliyekuja naye kutoka Sironga, akagonga mkongojo sakafuni. "Nyinyi wawili, tokeni nje."

Kwetu Wakisii, kati ya mzazi na mtoto kuna chinsoni, ile heshima ya aibu inayofunga midomo. Nyanya na mjukuu hawana, wao hutaniana. Mlango ulipofungwa, alimfinya msichana shavu. "Mke mwenzangu, umekula nini kitamu bila kuniita?"

Msichana akacheka, kisha akasema yote: kidonge cha waridi chenye alama ya kipepeo, na nusu nyingine juu yake.

"Cha kipepeo hatujawahi kukisikia hapa," daktari akasema, akiandika upesi.

"Mlimuuliza nani?" nyanya akauliza.

"Fomu inasema tumuulize mzazi."

"Basi ndiyo maana."

Saa kumi msichana alikuwa akinywa uji. Nimeandika nasaba ya ukoo wetu miaka mingi bila kujua chinsoni ina mlango wa nyuma. Nikitoka, nilimwona daktari akikata neno "mzazi" kwenye fomu na kuandika juu yake "nyanya".