Mke Aliyeandikwa Mlezi

Mama mkubwa alipofariki, kamati ya mazishi ilinipa kazi ya kukagua kijitabu, kile cha picha, wasifu na ratiba ya ibada. Nyumbani kwake ni ndani ya Kathonzweni, nami naishi mjini Wote. Katika ukoo wetu mimi ndiye huitwa kompyuta ya mtu yeyote ikizima. Kazi ya kukitengeneza kijitabu chenyewe alipewa fundi wa mji mmoja wa barabara ya Mombasa, ambaye mwenyekiti wa kamati alimfahamu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa nyumba ile, mdogo wa mume wa mama mkubwa. Mume mwenyewe alikufa zamani, bila mtoto.

Nakala ya kukagua ilifika kwenye simu yangu siku mbili kabla ya mazishi. Ilipendeza. Kingo zilikuwa za rangi ya dhahabu, kulikuwa na maua ya zambarau, na njiwa kila kona. Katika ukurasa wa familia paliandikwa kwamba marehemu hakujaliwa watoto. Chini yake, kwa herufi ndogo, lilikuwa jina la mwanamke niliyemjua tangu nikiwa msichana, na mbele ya jina hilo maneno mawili: mlezi wake.

Mwanamke huyo hakuwa mlezi. Kwetu, mwanamke asiyepata mtoto anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Hutoa mahari kama mwanamume yeyote, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Huyu aliolewa na mama mkubwa, akazaa watoto watatu katika boma lile, na watatu hao walimwita marehemu mama hadi mwisho. Fundi hakuyajua hayo. Alikuwa na nafasi za kujaza, na mtu alimwambia ajaze hivyo.

Kosa lenyewe lingeweza kuonekana dogo, lakini kijitabu cha mazishi hakitupwi. Huwekwa kwenye sanduku pamoja na hati za shamba na kadi za ubatizo, na siku ya kurithisha ardhi hutolewa mbele ya chifu, hata mahakamani, kuonyesha nani alikuwa nani. Aliyeandikwa mlezi hana shamba la kudai, wala watoto wake.

Nilimpelekea iweto huyo simu jikoni, ambako alikuwa akichambua ndengu za wageni. Mimi naye tunaitana wifi, kwa kuwa ameolewa kwetu. Alisoma polepole, kisha akanirudishia.

"Wifi, mlezi si mtu wa mshahara?"

"Kwa kawaida, ndiyo."

"Basi niulizie hapo kwa kamati nani amekula mshahara wangu."

Nilimpigia fundi. Alikubali kosa mara moja, ila hakuweza kulirekebisha. Programu aliyotumia hulipiwa kila mwezi, mwezi wake ulikuwa umeisha, na sasa ilimruhusu kutazama kazi yake mwenyewe bila kuigusa. Akanitumia faili na kuniambia nitafute mwenye programu kama hiyo.

Nilirudi Wote, kwenye saiba ya kukodisha kompyuta iliyo karibu na soko. Mwenye saiba alijaribu, kompyuta ikamwambia faili hiyo imetengenezwa na toleo jipya kuliko lake. "Hii yetu ni ya kitambo," akasema, "na hata hiyo usiniulize tuliitoa wapi."

Mimi natumia programu ya bure, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuigawia wengine na hata kuichungulia ndani aone ilivyoundwa. Niliijaribu hiyo. Faili ilifunguka, lakini maua yalitawanyika kurasa zote, mistari ikalaliana, na uso wa mama mkubwa ukaenda nyuma ya njiwa.

Kesho yake asubuhi nilieleza haya yote kwa kamati. Mzee alisikiliza kwa utulivu ambao sikuuzoea kwake. Mtu huyu hugombana hata na simu yake ikichelewa kuonyesha salio.

"Basi kompyuta imekataa," akasema. "Tufanye nini sisi? Wacha ichapishwe hivyo. Watu wanajua ukweli."

Shamba la mama mkubwa linapakana na lake. Hakuna aliyelitaja.

Wifi alikuwa akimimina chai. "Wanaojua ni wazee, mzee. Wataisha."

"Usiongee hivyo kwa matanga, mama."

"Kompyuta haijakataa," nikasema. "Kilichokataa ni programu ya fundi. Maneno ni yetu, naweza kuyaandika upya leo."

"Na maua?" mzee akauliza.

"Maua hayatakuwepo."

"Itakaa kama notisi ya kukatiwa maji," akasema, na watu wawili watatu wakacheka. Alipoona wamecheka, akaongeza lililokuwa gumu kweli. "Haya, mama wa kompyuta, utaandika nini? Pastor atasimama mbele ya kanisa asome kwamba mwanamke ameacha mke?"

Kanisa letu halina neno la kumwita iweto, na wengi pale walikuwa waumini wa kanisa hilo.

Wifi akaweka birika chini. "Asisome mke kama linamchoma. Asome kwamba mbuzi na ng'ombe zilifika kwa baba yangu. Na asome ni nani aliyezileta, kwa sababu ni wewe, mzee. Ulilala kwetu na ukachinjiwa."

"Nililala," mzee akasema.

Niliandika hivyo hivyo: kwamba marehemu ameacha watu wa nyumba yake, kisha jina la wifi, kwamba mahari yake ilipelekwa na shemeji wa marehemu, na majina ya watoto watatu. Tulichapisha kwa karatasi ya kawaida, nyeusi na nyeupe. Picha ilitoka na giza kidogo. Siku ya mazishi niliona wageni wakigeuza karatasi wakitafuta kurasa za rangi.

Pastor alisoma wasifu, akamwachia mwenyekiti sehemu ya familia. Mzee alikimbia na mistari ya kwanza, na alipofika kwenye mahari sauti ikashuka, lakini alisoma mpaka mwisho. Kisha akawaita watoto wa marehemu waweke udongo, na watatu wakasimama.

Wageni walipokuwa wakitawanyika, wifi alinijia na simu yake. "Niwekee ile karatasi."

Nikamtumia nakala ya kusoma tu.

"Hii haiandikiki. Nataka ile yenyewe. Huyu mkubwa wangu anaoa Desemba, na msichana wake lazima aingie humo."

Nikaiweka faili kwenye simu yake pamoja na programu, kisha nikakaa na mwanawe nimwonyeshe mahali pa kuongeza jina.