Pazia Zito, Pazia Jepesi

Kabla hamjaanza kunipiga picha nikichagua ndizi Buguruni, mimi nilikuwa spika. Sisemi mwimbaji, spika. Mzee Hamud, mwenye duka la mapazia Kariakoo aliyeniajiri niuze, alinirekodi nikinadi, akaiweka sauti yangu mlangoni ijirudie kutwa: "Pazia zito, pazia jepesi, jirani asijue unakula nini!" Maneno nilitunga mimi. Sifa akachukua yeye.

Nami nilijiona msanii. Nilikuwa na wimbo mmoja wa mapenzi, wa kulia, na aliyeulilia ni mimi tu. Kila niliyemwimbia alitoa simu, akasoma meseji zake.

"Theopista," dada yangu Joyceline aliniambia, "wewe hata kuachwa hujaachwa. Unamlilia nani?"

Nikamwona hajui sanaa.

Basi ukumbi mmoja wa Ilala ukatangaza shindano la waimbaji chipukizi: mshindi anarekodiwa wimbo studio, bure. Cha bure, halafu Mchaga wa Kariakoo kama mimi akose? Nikaazima gauni, nikapanda jukwaani, nikafumba macho kama wafanyavyo wenye uchungu.

Ubeti wa kwanza, kimya. Wa pili nikafumbua jicho moja: jamaa wa mbele anachokonoa meno. Kimya kile nakijua, ni cha mteja anayetafuta mlango. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukaropoka katikati ya kilio:

"Dada wa kijani, usipite, shika kitambaa kwanza!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini dada wa kijani akaangua kicheko, na mtu wa nyuma akaitikia, "Pazia zito!" Ukumbi ukadakia, "Pazia jepesi!" Kumbe ile sauti ya mlangoni waliijua yote. Utapitaje Kariakoo usiijue?

Ningeweza kurudi kwenye majonzi yangu. Ila mteja akishashika kitambaa, humwonyeshi kingine. Nikayaimba mapazia, mpiga kinanda akanifuata, jamaa wa meno akawa wa kwanza kusimama kucheza.

Nilishinda. Studio nikarekodi mapazia. Ule wa kulia bado ninao. Anayeutaka aje, tutaelewana.

Kesho yake nikaupeleka ule wa mapazia dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unaniimbia tangazo langu."

"Maneno yangu, mzee."

"Spika yangu, mwanangu."

Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana: yeye aupige mlangoni kutwa nzima, mimi niutaje mtaa wake kwenye wimbo kila nitakapopanda jukwaani. Hadi leo nautaja, mnadhani ni mapenzi ya nyumbani.

Akaufungulia palepale. Mama mmoja akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka ukaisha.

"Huyu anayeimba ni nani?"

Nilikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni, natundika pazia la maonyesho. Nikazitema pini.

"Msanii mkubwa sana huyo, mama. Wewe dirisha lako lina upana gani?"